Sura ya Nne: Kitambaa Kilichogeuzwa

Gloriose alikuwa ameshatia sahihi. Hilo ndilo lililomkera Mwanakheri kuliko yote asubuhi ile. Katika miaka kumi na mmoja ya kuchunguza mitambo iliyogoma alishazoea watu wanaokana hata viatu walivyovaa, lakini mtu anayekiri kosa kabla hajaulizwa alimtia wasiwasi kuliko mwongo.

Barua ya kukiri ilikuwa juu ya meza ya Cheryl Kendi, meneja wa nyumba ya wazee. Cheryl alikuwa Mmeru aliyekuja Sydney kama muuguzi, akapanda ngazi kwa jasho lake hadi akapewa ofisi yenye dirisha linalotazama reli ya Seven Hills. Aliisukuma ile barua kwa ncha ya kalamu, kama vile hataki kuigusa.

"Soma mwenyewe. Ameandika ni yeye. Meeting ya head office ni three o'clock. Wakiipata hii, kazi imeisha, na sponsorship imeisha hapo hapo. Atapewa siku chache afunge bag arudi Burundi. Na mimi ndiye nilisign zile form za kumleta."

"Wewe unaamini ni yeye?"

"Mimi ni nurse, Mwanakheri. Fundi amesema ni kitambaa. Mwenye kitambaa amesema ni kitambaa. Sasa mimi niseme ni nini?"

Mwanakheri aliisoma barua mara mbili. Kampuni ya bima ndiyo iliyomtuma, nayo ilitaka jibu moja tu: kwa nini Jumanne iliyopita kengele za vyumba vyote vya upande wa magharibi zilinyamaza kwa zaidi ya saa mbili? Ndani ya saa hizo mzee Abernathy wa chumba namba tisa aliteleza bafuni. Alibonyeza kengele yake akabonyeza tena, na hakuna aliyesikia. Gloriose, mhudumu wa nyumba hiyo, ndiye aliyemkuta sakafuni, nyonga imevunjika, akakaa naye chini na kumshika mkono mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Mzee alikuwa hospitalini sasa, anaendelea vizuri, anagombana na wauguzi kuhusu chai.

Fundi wa mtandao, Maxwell Owuor, aliitwa jioni ile. Alifungua kabati la mitambo akakuta swichi ya mtandao, ile mashine ambayo nyaya zote za kengele zinaishia kwake, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Ripoti yake ilikuwa na mistari mitatu. Mashine ilizibwa hewa. Ikapata joto, ikajizima. Kitambaa kilipoondolewa ikawaka tena.

"Na leo saa sita anakuja kuibadilisha," Cheryl aliongeza. "Ameleta mpya. Amesema ile ya zamani imeungua ndani, si salama."

Mwanakheri alitazama saa yake. Ilikuwa saa tano na dakika kumi.

"Cheryl, hiyo mashine huandika kila linaloipata, lakini inaandika kichwani mwake tu. Ukiichomoa kwenye umeme, kila kitu kinafutika. Nipe ufunguo wa kabati, na mtu yeyote asiguse waya mpaka nimalize."

"Ufunguo uko na Abednego wa maintenance. Lakini si uongee na Gloriose kwanza? Amekaa kwa tea room tangu saa mbili. Nilimwambia akae nyumbani, akakataa."

Alikuwa amekaa kweli, mikono mapajani, amevaa gauni la kanisani badala ya sare. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, mnene wa mabega, macho yamevimba. Mwanakheri alimwamkia kama anavyomwamkia mama yeyote wa umri ule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa assurance?"

"Ndiye mimi. Niambie kuhusu kitambaa."

Gloriose alishusha pumzi. "Ile kitambaa nilifuma mimi mwenyewe. Mwezi mzima. Unaona, kila dimanche, Jumapili, wazee wanaongea na watoto wao kwa simu ya picha, wanacheka, wanalia. Na mimi, kwa pause, nikipumzika, naona mama yangu iko Gitega, anakunywa chai. Nikauliza Abednego, hii yote inapita wapi? Akanionyesha ile mashini ndogo kwa kabati, pale tunaweka vacuum. Imejaa vumbi! Nikasema, pardon, mashini inatufanyia mazuri hivi na hakuna mtu anaisemesha hata merci? Nikaifumia kitambaa, nikaivalisha."

Mwanakheri alilazimika kutazama pembeni. Kwao Tanga, redio ya mama yake ilikuwa na kitambaa, televisheni ilikuwa na kitambaa, hata jagi la maji lilikuwa na kitambaa chenye shanga pembeni. Mtu aliyelelewa katika nyumba ya namna hiyo asingeshangaa kitu. Mzungu angeona uzembe pale, lakini yeye aliona shukrani, na akaona uchungu kwamba ndiyo itakayomfukuzisha mama huyu kazi.

"Uliiweka lini?"

"Tangu Noël, Krismasi. Miezi miwili."

"Miezi miwili, na joto lote la Januari, haikuzima hata siku moja?"

Gloriose alifikiri. "Hapana. Hata siku moja."

"Na Jumanne, uliiona?"

"Niliiona. Saa nane na nusu nilienda kuchukua vacuum. Nikakuta imegeuka."

Kalamu ya Mwanakheri ilisimama. "Imegeuka vipi?"

"Mafundo juu, ua chini." Gloriose aligeuza kiganja chake kuonyesha. "Mimi siwezi kuweka mafundo juu, hata nikiwa na usingizi. Mafundo ni mgongo ya kitambaa. Nikasema labda imeanguka, Abednego ameirudisha. Nikaigeuza vizuri, nikaenda."

"Hili umemwambia nani?"

"Hakuna mtu aliniuliza."

Mwanakheri aliandika saa nane na nusu, akaipigia mstari mara mbili. Alimwomba Gloriose asiondoke, naye akaitikia kwa kichwa bila tumaini lolote.

Abednego alimfungulia kabati. Alikuwa kijana wa Singida wa miaka thelathini na kitu, mpole, funguo zimening'inia kiunoni, na macho yake yalikuwa yakitafuta mahali pa kutua. Ndani mlikuwa na mashine ya kufyonza vumbi, ndoo mbili, na juu ya rafu ya chuma swichi yenyewe, taa zake za kijani zikipepesa kwa utulivu. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa pembeni. Mwanakheri alikichukua, akakifungua. Ua moja kubwa katikati, lililotuna kama kitumbua, na nyuma yake mafundo yamekatwa vizuri. Ilikuwa kazi safi kabisa.

"Nani ana ufunguo wa hapa zaidi yako?"

"Mimi tu, dada. Na wasafishaji nawafungulia asubuhi, nafunga jioni."

"Kwa hiyo mchana mlango huwa wazi?"

"Hapana. Ni... wa kurudishia tu. Asiyejua kwamba haujafungwa lazima aniite."

"Jumanne mchana uliitwa na nani?"

Abednego alijikuna shingo. "Sikumbuki vizuri."

Jibu hilo Mwanakheri aliliweka kando. Lingesubiri. Alichotaka sasa ni mashine yenyewe iseme, na shida ilikuwa mlango wa kuingilia. Nywila ya kuingia kwa njia ya mtandao ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Maxwell, na kampuni hiyo ilimjibu kwa barua pepe kwamba itamshughulikia ndani ya siku tano za kazi. Ilibaki njia moja. Alichuchumaa, akamulika uso wa swichi kwa tochi ya simu. Mkono wa kushoto, mbali na safu ya matundu ya nyaya, kulikuwa na tundu moja limezungushiwa rangi ya samawati. Tundu la konsoli.

Konsoli ni mlango wa uani. Kwa mtandao mtu anaweza kuingia akiwa Quakers Hill kitandani kwake, au akiwa Mwanza. Kwa konsoli lazima uwe umefika, umesimama pale, umechomeka waya kwa mkono wako. Ndiyo maana Mwanakheri hakuwahi kutoka nyumbani bila ule waya wake bapa wa buluu, upande mmoja USB, upande mwingine kichwa kama cha waya wa mtandao. Aliuchomeka kwenye kompyuta yake kwanza, akauchomeka kwenye tundu, ukalia kidogo, tik.

Nywila bado alikuwa hana. Alisimama kunyoosha mgongo, na hapo ndipo alipoiona bahasha. Ilibandikwa kwa gundi ya karatasi ndani ya mlango wa kabati, juu, mahali ambapo mtu hatazami mpaka amechoka. Vumbi lilikuwa limeilalia. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa Kiswahili, mwandiko wa mwalimu:

*Wewe utakayekuja baada yangu. Konsoli, kasi 9600. Nywila iko ndani. Soma kwanza, ndipo uzime. Ponsian, fundi, 2019.*

"Huyu Ponsian ni nani?"

"Ndiye aliyefunga mitambo hii, dada. Nasikia alihamia Perth."

Kila kanuni ya usalama inakataza kuacha nywila mlangoni, na Mwanakheri mwenyewe alishawahi kumkaripia mtu kwa kosa hilo hilo. Siku hiyo hakuwa na karipio. Alimshukuru Mungu kwa sauti, akamshukuru na Ponsian, mtu asiyemjua, ambaye aliandika kwa lugha ya kwao katika nchi ya watu akiamini kwamba ipo siku atakuja wa kuisoma.

Alifungua programu ya kuzungumza na mashine. Kabla ya yote aliiagiza ihifadhi kila herufi itakayopita kwenye kioo, kisha akamwita Cheryl aje asimame shahidi. Akaweka kasi 9600 kama alivyoelekezwa. Akabonyeza Enter.

Kioo kilijaa takataka. Mabano, vijisanduku, alama za kuuliza zilizopinduka.

"Si hii imeharibika kama Maxwell alivyosema?" Cheryl aliuliza.

"Hapana. Tunaongea haraka tofauti, ndiyo maana hatusikilizani." Mwanakheri alipandisha kasi. 19200, takataka. 38400, takataka. 57600, takataka. 115200, akabonyeza Enter, na mstari mmoja ukatokea, safi, ukimwomba nywila.

Hakufurahi mara moja. Alitazama bahasha, akatazama kioo. Ponsian aliiacha kwenye 9600. Mtu mwingine alikuwa amefika hapa, akaongeza kasi, akaondoka bila kuirudisha. Aliandika hilo kwenye daftari kabla ya kuendelea. Nywila ya ndani ya bahasha ilikubali.

Swali lake la kwanza lilikuwa fupi: umewaka tangu lini? Mashine ikajibu.

"Wiki sitini na tatu, siku nne," Mwanakheri alisoma.

"Meaning?"

"Maana yake haijazimika hata mara moja kwa zaidi ya mwaka. Jumanne haikujizima na haikujiwasha. Ripoti ya fundi wako mstari wa pili umekufa."

Cheryl alifungua mdomo, simu yake ikalia kwa ujumbe. Aliusoma huku akikunja uso. "Ni yeye Maxwell. Yuko njiani. Anasema tumwambie Abednego azime sasa hivi, ipoe kabla hajaitoa."

Mwanakheri aligeuka. Abednego alikuwa ameupata ujumbe huo huo. Alikuwa amepiga goti karibu na soketi, mkono umeshika kichwa cha waya wa umeme.

"Abednego, ukivuta huo waya, unamaliza kazi ya mama wa watu. Unajua hilo?"

"Ameniambia nizime, dada."

"Nimesikia alivyokuambia. Nakuuliza kama unajua."

Cheryl alikuwa amekauka mlangoni. Kisha vidole vya Abednego vililegea kimoja kimoja, akauacha waya, akakaa sakafuni ubavuni mwa ndoo, uso ndani ya viganja.

"Asante," Mwanakheri alimwambia, na alimaanisha. Alirudi kwenye kioo, akasoma mara mbili ndipo akaelewa alipokuwa ameishia.

Akauliza joto. Mashine haikuwa imetoa onyo hata moja la joto, si Jumanne, si Januari. Kitambaa kiliifanya ipate joto kidogo kuliko kawaida, lakini mbali sana na kiwango cha hatari. Akauliza saa. Mashine ikasema ni sita na dakika arobaini na moja usiku. Simu yake ilisema ni tano na dakika arobaini na moja asubuhi. Ponsian hakuwa ameipangia saa ya Sydney, basi kila saa ya mashine ilikuwa nyuma kwa saa kumi na moja kamili. Mwanakheri alipiga picha saa zote mbili zikiwa pamoja, simu kando ya kioo, Cheryl akatia sahihi kwenye daftari kwamba ameona.

Mwisho akaomba kumbukumbu zenyewe. Mistari ikashuka. Akaipandisha taratibu hadi Jumanne.

"Haya. Mashine imeandika 03:06, ongeza kumi na moja, saa nane na dakika sita mchana. Mtu ameingia kwa konsoli, amebadili kasi. Saa nane na dakika nane, mtu huyo huyo, kwa konsoli, amefunga tundu namba ishirini na nne. Amelifunga kwa amri, Cheryl. Waya hakuchomoa."

"Na twenty-four ni ya nini?"

Mwanakheri aliufuata waya kwa kidole hadi kwenye kibandiko cha Ponsian. "Kengele, magharibi. Saa kumi na dakika thelathini na moja, kwa konsoli tena, tundu limefunguliwa. Basi."

Cheryl alijishika kifua. "Gloriose hajui hata kubadilisha font kwa roster."

"Na saa nane na nusu alikuta kitambaa chake kimegeuzwa. Aliyechomeka waya alikiondoa, akakirudisha mafundo juu, kwa sababu hakujua kwamba kina mgongo. Maxwell kwenye kitabu cha wageni ameandika alifika saa ngapi?"

"Twenty past four. Mimi mwenyewe nilikuwa reception."

"Basi mashine imetuambia kilichofanyika na saa yake. Haijasema nani, maana konsoli haiulizi jina."

Wote wawili walimtazama Abednego. Naye alitazama ndoo.

Maxwell Owuor alifika dakika tano kabla ya saa sita, kijana nadhifu, shati limepigwa pasi, boksi la swichi mpya kwapani. Tabasamu lake lilipungua alipoona waya wa buluu.

"Madam, hiyo hufai kuconnect bila sisi. Ni device yetu."

"Ni ya nyumba hii. Sisi ndio tumeruhusiwa. Karibu, kaka. Jumanne ulikuwa wapi mchana?"

"Smithfield. Warehouse moja huko, nilikuwa na job siku nzima. Nimeitwa saa kumi, nikafika twenty past. Angalia kitabu."

"Kabla ya hapo uliwahi kuigusa mashine hii?"

"Never. Hii site nimepewa mwezi uliopita. Ilikuwa first time yangu."

"Ulipofika uliingiaje?"

"Console. Network ilikuwa imelala, ningeingia aje?"

"Ilikukubali mara moja?"

"Mara moja. One-one-five-two-double-oh, Enter, nikaingia."

Mwanakheri alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubaliana naye. Akamwonyesha bahasha. "Mtu anayegusa mashine kama hii kwa mara ya kwanza huanzia 9600. Ndiyo kasi inayotoka nayo kiwandani, na ndiyo aliyoiacha aliyeifunga. Wewe ulianza na 115200 moja kwa moja. Nani alikuambia kwamba saa nane mchana kuna mtu aliibadilisha?"

"Hiyo ni speed yangu ya kawaida tu," Maxwell alisema. "Natumia kila mahali."

"Nakuamini. Ndiyo maana uliibadilisha."

"Hakuna mtu anaweza prove nilikuwa hapa saa nane."

"Mimi naweza," Abednego alisema.

Alikuwa amesimama. Sauti yake ilitoka nyembamba, lakini ilitoka.

"Nilimfungulia mimi, dada. Saa nane kasoro. Alikuja kwa mlango wa jikoni, akasema ni dakika tano tu, nisiandike kitabuni. Sikuandika." Alimgeukia Maxwell. "Kaka Max, wewe ndiye uliyenitafutia kazi hii. Nilikuwa nalala sebuleni kwako, nakula kwako. Nitakushukuru mpaka naingia kaburini. Siku nne hizi nimekuwa nikijiambia, ukimsema Max wewe huna shukrani. Lakini mama Gloriose ananiletea chakula kila Ijumaa, na nimemwangalia anatia sahihi. Nimeshindwa kula."

Maxwell aliweka boksi chini. Alipoongea, ujanja wote ulikuwa umemwishia.

"Kulikuwa na port moja tupu, namba kumi na nne. Nilifaa kuifunga Jumapili asubuhi. Nilisahau, na nikaweka kwa system kwamba nimefanya. Jumanne nikapita kuifunga haraka. Nikaandika ishirini na nne. Sikujua, wallahi, I mean, haki ya Mungu sikujua mpaka waliponipigia. Nikafika, nikaona log, nikafungua. Halafu nikaona hiyo kitambaa." Alijipangusa uso. "Na mimi niko kwa visa ya kampuni. Nilifikiri yeye ataonywa tu. Sikujua ni kumfukuza."

"Na ulipojua?"

Cheryl alimwambia Maxwell, kwa upole uliomshangaza hata Mwanakheri, aende ofisini kwake, akae, aandike yote hayo kwa mkono wake na aweke saa. Maxwell alikwenda. Mlangoni alisita mbele ya Abednego, akamgusa bega, akapita.

Mwanakheri alifunga faili la kumbukumbu, akalinakili mara mbili, akatoa waya kwenye tundu. Hakubadilisha chochote ndani ya mashine, hata ile kasi, kwa sababu kasi nayo ilikuwa ushahidi. Kwenye daftari aliandika jambo moja lisilohusu bima: *tafuta namba ya Ponsian, Perth, umwambie asante.*

Walimkuta Gloriose palepale alipoachwa. Alisimama walipoingia, kama mtu anayesubiri hukumu. Mwanakheri alimweleza kwa maneno machache, akarudia, kwa sababu mara ya kwanza mama yule hakusikia.

"Kwa hiyo si kitambaa?"

"Si kitambaa, mama. Kitambaa ndicho kilichotuambia kwamba mtu alipita. Ila nakuomba, usiifunike tena. Hiyo mashine inapumua."

"Na Monsieur Abernathy... si mimi nilimvunja?"

"Si wewe. Wewe ndiye uliyemkuta."

Gloriose aliziba mdomo kwa mikono miwili. Kilio kilichotoka kilikuwa cha siku nne nzima. Cheryl alimkumbatia, akamwomba msamaha kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na mara moja kwa Kimeru ambacho hakuna aliyekielewa, kisha akaitoa barua mfukoni na kuichana mbele yake. Abednego alisimama mlangoni, hajui kama anaruhusiwa kuingia. Gloriose alimwona juu ya bega la Cheryl, akamnyooshea mkono.

"Kuja hapa, wewe. Umekonda. Ijumaa hukula chakula yangu, niliona."

Abednego alikuja, akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili.

Hapo kengele ililia. Ilikuwa kengele moja ndefu kutoka upande wa magharibi, na taa ya namba kumi na moja ikawaka ukutani. Wote wanne waliitazama kwa sekunde nzima. Hakuna aliyewahi kuisikia kengele ile akaipenda hivyo.

"Ni bibi Lorraine," Gloriose alisema. "Anataka kwenda chooni, saa yake hii." Alitazama gauni lake la kanisani, akamtazama Cheryl. "Lakini mimi niko suspendue, nimesimamishwa."

"Nenda, mama," Cheryl alisema. "Nenda tu."

Gloriose alijifuta macho kwa mkono wa gauni, akashika njia ya ukumbini kwa haraka. "Nakuja!" aliita kabla hajafika hata nusu ya njia. "Nakuja, Lorraine, nimesikia!"